Mpima mvua wa Magarini aliyeandika tarehe ya jua la mwaka 2149

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Zipporah Dena anapiga goti kwenye nyasi zenye umande, anatoa chupa iliyomo ndani ya kipimamvua na kuiinua mpaka usawa wa jicho. Maji yaliyomo hayafiki hata upana wa kidole.

"Milimita nne na nusu," anasema bila kugeuka. Anaandika kwenye daftari la jalada la kijani, anamwaga maji mchangani, anairudisha chupa mahali pake.

Mbele yake mabwawa ya chumvi yametandaa hadi kwenye mikoko. Wanaume wenye makoleo wanaanza kuingia kazini. Zipporah anapita juu ya kingo za udongo, na kila afikapo kwenye bwawa anatumbukiza kipimo cha kioo kinachoelea, anakisoma, anatikisa kichwa au anakubali. Bwawa moja bado siku sita. Jingine litavunwa kesho kutwa, mvua isiporudi.

Amefanya kazi hii miaka kumi na minne, katika mashamba ya chumvi yaliyoko kaskazini mwa Mambrui. Ana umri wa miaka arobaini na mmoja, watoto watatu, na mume ambaye ni fundi wa pampu papo hapo kazini. Mshahara wake ni shilingi 960 kwa mwezi. Aliacha shule alipomaliza darasa la saba.

Lakini katika mkoba wake wa ukindu mna daftari la pili, na humo hamna mvua hata tone. Mna tarehe tupu. Ni siku ambazo jua litapatwa, kuanzia mwaka huu wa 1987 na kuendelea, ukurasa baada ya ukurasa. Ya mwisho aliyoiandika ni tarehe 5 Julai 2149.

"Watu huniuliza, mama, mwaka huo wewe utakuwa wapi?" anasema na kucheka kwa sauti ya chini. "Nawajibu kwamba mimi nitakuwa mchanga. Lakini jua litakuwapo, na watu wenye macho watakuwapo."

Anapotaja macho haongei kwa mfano. Ana sababu, na sababu yenyewe ni dada yake.

Jumamosi ya tarehe 16 Februari 1980, jua lilipatwa lote juu ya Malindi na Magarini. Wageni walijaa hotelini kwa ajili ya siku hiyo moja. Huku mabwawani watu walikuwa wamesikia redioni kwamba kuna jambo, ila wengi hawakujua ni jambo gani hasa, wala walitazame vipi.

Baada ya saa tano asubuhi mwanga uligeuka rangi. Kuku walipanda kulala. Kisha giza likashuka kwa dakika tatu hivi, nyota zikaonekana, na wavuna chumvi wakaketi chini walipokuwa, makoleo mapajani.

"Sikuogopa," Zipporah anakumbuka. "Nilikuwa natazama ile pete nyeupe angani nikajisemea, kumbe kuna mtu amekaa mahali akaijua saa hii kabla haijafika. Amejuaje?"

Mdogo wake, Easter, aliyekuwa na miaka ishirini na tatu, alikuwa amekuja nyumbani mapumziko ya Jumamosi na Jumapili. Alikuwa akifanya kazi Kilifi ya kuchambua korosho, kazi ya kutenganisha kwa jicho punje nzima na iliyovunjika, nyeupe na yenye doa. Giza lilipoondoka, Easter hakushusha uso. Aliendelea kulitazama jua likirudi kidogo kidogo, macho matupu, kwa sababu lilikuwa zuri na halikumuuma.

Jioni ile aliona doa jeusi katikati ya kila kitu. Akitazama uso wa mtu, anaona masikio na nywele, pua haionekani. Daktari alimweleza kwamba jua limeunguza ndani ya jicho na hakuna dawa. Baada ya mwezi mmoja aliiacha kazi ya korosho mwenyewe.

"Wale wageni wote walikuwa na miwani maalumu," anasema Easter, ambaye sasa anauza maziwa mgando nyumbani kwa dada yake na hupima kikombe kwa kidole. "Mimi sikuambiwa. Sina kinyongo na mtu. Ila laiti mtu mmoja tu angeniambia, angalia chini, nami ningeangalia chini."

Maneno hayo Zipporah hakuyasahau. Wiki chache baadaye shoga yake, Fatu, aliyekuwa akifua mashuka katika nyumba ya wageni mjini Malindi, alimletea kijitabu kilichoachwa chumbani na mmoja wa wageni. Kilikuwa cha Kiingereza, na nyuma yake palikuwa na orodha ya siku zote jua lilipopatwa duniani tangu mwaka 1900, pamoja na majina ya nchi.

Kiingereza chake si kingi, lakini tarehe ni tarehe. Kazi yake ni kuhesabu siku. Kila mwisho wa mwezi huandika siku ngapi zimepita tangu mvua ya mwisho, bwawa gani limekaa siku ngapi. Basi akaanza kuhesabu siku zilizopo kati ya tarehe moja na nyingine katika ile orodha. Alifanya hivyo saa za mchana, baada ya kupima na kabla ya kupika, akiwa ameketi kwenye kizingiti cha stoo ya magunia.

Kwa miezi saba hakupata kitu. Halafu namba moja ikaanza kujirudia. Kati ya tarehe 5 Februari 1962 na tarehe 16 Februari 1980 kulikuwa na siku 6,585. Kati ya tarehe 2 Oktoba 1959 na tarehe 12 Oktoba 1977, siku 6,585. Akajaribu nyingine, na nyingine. Mara chache ilitoka 6,586, akadhani waliochapa kitabu wamekosea.

"Nilimwita mume wangu nikamwonyesha. Akaniuliza, sasa hiyo ni nini? Nikamwambia hii ni saa ya jua. Miaka kumi na minane na siku kumi au kumi na moja, kisha linarudi."

Wataalamu wa nyota wanaijua hesabu hiyo tangu zama za kale, na iko kwenye vitabu vyao. Zipporah hakuwa na vitabu hivyo. Aliipata peke yake, mlangoni pa stoo ya magunia.

Mwaka 1983 akaona wakati umefika wa kuwaambia watu. Alichukua tarehe 30 Mei 1965 kutoka kwenye orodha, akaongeza siku 6,585, akapata Ijumaa ya tarehe 10 Juni 1983. Akaenda kwa Mwalimu Kiponda, mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyo karibu na mabwawa, akamweleza yaliyompata Easter. Mwalimu alisikitika, akakubali. Siku hiyo watoto zaidi ya mia tatu walitolewa darasani tangu asubuhi, wakaketi uwanjani na vipande vya karatasi vilivyotobolewa tundu.

Jua likapanda. Likafika utosini. Likashuka. Halikuguswa hata ukingoni.

"Zilikuwa zimebaki siku mbili Ramadhani iingie," anasema. "Watu wana shughuli zao. Wanawake waliacha soko kwa sababu yangu. Jioni nilipita njia ya nyuma kurudi nyumbani."

Kesho yake, Jumamosi, redio ikatangaza kwamba jua limepatwa lote huko Java. Jirani aliyekuja kumpa habari hiyo alidhani anamfariji. Zipporah alimwomba amwache peke yake.

Tangu hapo likazuka neno. Mtu akiahidiwa kazi asiipate, au akiambiwa fedha zinakuja na zisije, watu wa mabwawani husema: "Hilo ni jua la Zipporah." Wavuna chumvi walilisema mbele yake. Watoto wake walilisikia shuleni. Mwenyewe anakiri kwamba alilifunga daftari lake la pili kwenye mfuko wa nailoni, akaliweka chini ya magunia, na likakaa huko mwaka mzima na zaidi.

Aliyelitoa ni Easter. Siku moja alimuuliza dada yake, "Java iko wapi?"

"Mbali. Mashariki, ng'ambo ya bahari."

"Basi lilikuja. Lilikosea nyumba tu. Hebu tafuta kwa nini lilikosea nyumba."

Zipporah alirudi kwenye orodha. Safari hii hakuzidharau zile 6,586. Aliziandika zote kwa mfululizo, na akaona kwamba katika kila mara tatu, mara mbili ni 6,585 na moja ni 6,586. Kosa halikuwa la waliochapa. Ile namba haikuwa nzima. Ilikuwa na theluthi juu yake.

"Theluthi ya siku ni saa nane," anaeleza, akiugeuza mviringo wa chungu chake cha maji kwa mkono ili mwandishi aone. "Katika saa nane hizo dunia imegeuka theluthi. Kivuli kinarudi, lakini hakitukuti sisi, kinawakuta wengine. Java. Mara ya pili kinawakuta wengine tena. Mara ya tatu ndipo upande wetu unapokuwa umerudi mahali pake. Kwa hiyo mimi nisihesabu miaka kumi na minane. Nihesabu hamsini na minne na mwezi mmoja. Siku 19,756."

Alirudi nyuma katika orodha akakuta tarehe 24 Februari 1933, jua lililopita Uhabeshi. Akahesabu kwenda mbele: Jumapili, tarehe 29 Machi 1987.

Lakini nani angemwamini? Alihitaji ushahidi wa hapa hapa, si wa kijitabu cha wageni. Katika ofisi ya mabwawa kuna kabati la madaftari ya mvua ya zamani, yaliyorithiwa kutoka shamba la pamba lililokuwa jirani kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Aliomba ruhusa kwa msimamizi wake, Bwana Athman, akayapekua. Daftari la mwaka 1933 lilikuwa limeliwa na mchwa pembeni, ila Februari ilikuwa salama. Kwenye mstari wa tarehe 24, karani asiyejulikana alikuwa ameandika: hakuna mvua; jua limemegwa upande wa kulia, kuanzia yapata saa kumi alasiri.

"Nilikaa chini sakafuni," Zipporah anasema. "Nikaanza kulia. Bwana Athman alidhani nimeumwa na nge."

Mapema Machi mwaka huu alirudi kwa Mwalimu Kiponda, miaka minne kasoro tangu siku ile ya aibu. Mwalimu mwenyewe anayakumbuka mazungumzo yao.

"Nilimwambia, Mama Zipporah, nakuheshimu, lakini safari ile ulininyima Ijumaa nzima na mkaguzi akaniandikia barua. Akasema, najua Mwalimu, sikuja kukuomba uniamini. Nimekuja kukuomba uhesabu."

Akamwekea mezani madaftari mawili, la mvua na la kwake. Mwalimu Kiponda alichukua chaki, akaandika tarehe mbili ubaoni, akahesabu miaka, akaongeza moja moja siku za miaka mirefu, ile yenye tarehe 29 Februari. Ilimchukua nusu saa. Ikatoka 19,756.

"Nikaifuta nikahesabu upya," anasema mwalimu. "Ikatoka ile ile. Nikamuuliza, sasa unataka tufanye nini?"

Alichotaka kilikuwa kidogo: watu waambiwe wasitazame juu. Kwa kuwa siku yenyewe ni Jumapili, tangazo lisomwe kanisani asubuhi, na msikitini Ijumaa iliyotangulia. Kwa habari ya msikiti alikwenda Mambrui kwa Maalim Faki, fundi cherehani anayefundisha pia madrasa na ambaye hutunza kalenda ya mwezi.

Maalim Faki, mwenye miaka thelathini na minane, anasema hakuhitaji kushawishiwa sana. "Jua halipatwi ila mwezi ukiwa unakaribia kuandama. Nilitazama kalenda yangu. Tarehe 29 Machi inaangukia tarehe 29 Rajabu. Nikamwambia, dada yangu, siku uliyoitaja inawezekana. Kama ungenitajia tarehe kumi na tano Rajabu ningekurudisha kwenu na chai yako hujaimaliza. Na sisi tuna sala yake maalumu jua likipatwa. Kuijua mapema ni faida, watu wakae na udhu wao."

Hata hivyo si wote waliokubali. Wapo waliocheka kanisani tangazo liliposomwa. Na wapo waliokasirika, wakasema mwanamke wa chumvi anataka kutisha watu mara ya pili.

Saa tisa na nusu siku hiyo, uwanja wa shule ulikuwa na watu wasiopungua mia mbili, wengi wao wamekuja kuona Zipporah akiaibika. Easter alikuwa ameketi kando ya ukuta mweupe wa darasa, ameshika kipande cha boksi la sabuni chenye tundu la sindano, akiwaonyesha watoto namna ya kulipa jua kisogo na kuacha mwanga wake upite tunduni uangukie ukutani.

Saa kumi kamili wingu likafunika jua.

"Sijawahi kuona wingu zito namna ile mwezi wa tatu," Zipporah anasema. Dakika kumi zikapita. Mtu mmoja akatamka lile neno, jua la Zipporah, na kicheko kikazunguka uwanja. Dakika kumi na tano. Wengine wakaanza kukung'uta nguo waondoke. Mwalimu Kiponda hakuondoka karibu naye, na Zipporah anasema kwamba kusimama kule kwa mwalimu kulimtia nguvu kuliko maneno.

Yapata saa kumi na dakika ishirini, ukingo wa wingu ukatatuka. Mwanga ukapiga ukutani. Easter aliinua boksi lake, na ile duara ndogo ya mwanga haikuwa duara. Ilikuwa imeng'atwa upande mmoja.

Watoto ndio waliopiga kelele kwanza. Kisha mwanamke aliyekuwa chini ya mkorosho akaita watu waje watazame ardhi. Mwanga uliopenya kwenye majani ulikuwa umemwaga mchangani mamia ya majua madogo, yote yameng'atwa mahali pamoja. Watu walikuwa wanayaruka wasiyakanyage.

Kwa zaidi ya saa moja waliliangalia jua chini, mchangani na ukutani, mpaka lilipofikia kumegwa kipande kikubwa na mchana ukawa kama umetiwa maji. Mambrui, Maalim Faki aliswalisha msikiti uliojaa hadi barazani. Hakuna aliyeinua macho kulitazama jua lenyewe, au kama yupo, hajajulikana. Wiki mbili baadaye Mwalimu Kiponda alipita darasa kwa darasa akiuliza nani anaona doa. Hakupata hata mmoja.

"Siku ile nililala usingizi," anasema Zipporah. "Hivyo tu. Nililala usingizi kama mtu aliyefua nguo zote za nyumba."

Na lile neno la mabwawani? Bado lipo, anasema, ila sasa maana yake imepinda. Mkulima akiambiwa mbolea imechelewa lakini haina budi kufika, hujibu kwamba ngoja, ni jua la Zipporah.

Tangu hapo amekuwa akihesabu kwenda mbele zaidi. Anachukua jua moja la zamani, anaongeza siku zake, anapata mtoto wake, mjukuu wake, kitukuu. Jua lile lililomuumiza Easter litarudi upande huu wa dunia tarehe 20 Machi 2034, lakini hajui litapita nchi gani. Hili la mwaka huu litarudi tarehe 30 Aprili 2041, kisha tarehe 2 Juni 2095, kisha ile 5 Julai 2149.

Tarehe hiyo ya mwisho ilimpa taabu. Mwanzo alikuwa ameandika 4 Julai. Mwalimu Kiponda ndiye aliyemfahamisha kwamba mwaka 2100, ingawa unagawanyika kwa nne, hautakuwa na tarehe 29 Februari. Tarehe zote za baada ya hapo zikawa zimekosea siku moja. Alizifuta kurasa ishirini na saba, akaanza upya.

"Niliudhika," anasema. "Kisha nikafikiri, afadhali nimekosea mimi leo kuliko akosee mtu siku hiyo."

Hadai kujua asichokijua. Ukimuuliza giza kamili litaangukia kijiji gani, anasema hana elimu hiyo. Anajua siku, anajua takriban saa, anajua upande wa dunia. Mengine anayapima kwa kulinganisha. Lipo jua ambalo mwaka 1905 lilipita Misri. Mwaka 1959 lilishuka likapita Sudani, Uhabeshi na Somalia. Linateremka kusini kila linaporudi, na litarudi tarehe 3 Novemba 2013. "Kama halijaacha mwendo wake," anasema, "safari hiyo litapita kwetu Kenya, ila huko juu, kaskazini kabisa."

Mwezi uliopita alikubaliana na Mwalimu Kiponda wanakili daftari lote kwa mkono, nakala nane, moja kwa kila shule ya msingi ya jirani. Kwenye ukurasa wa kwanza wa kila nakala wataandika maagizo ya karatasi na tundu, na jina la Easter kama mtu wa kuulizwa. Nakala tatu ziko tayari. Easter amesema kwamba nakala zikimalizika atazipeleka mwenyewe, shule moja baada ya nyingine, na kusimama mbele ya watoto awaeleze anavyoona uso wa mtu.

Mwandishi anapofunga daftari lake na kuaga, Zipporah anamsindikiza hadi mwisho wa ukingo wa bwawa. Anasimama, anaosha mikono yake yenye chumvi, anauliza swali ambalo alikuwa hajaliuliza kutwa nzima.

"Mdogo wangu, una umri gani?"

"Ishirini na sita."

Anahesabu kimya, midomo ikicheza kidogo. "Basi mwaka 2013 utakuwa na hamsini na miwili, na mimi sitini na saba. Miguu yangu nitaitunza. Nataka nipande gari niende huko kaskazini nikalione, nikiwa na mtu wa kunishika mkono." Anakifuta kiganja chake kwenye leso, anakinyoosha kuaga. "Tarehe tatu Novemba, itakuwa Jumapili. Usijiwekee shughuli nyingine."

Mwandishi anafungua tena daftari, anaiandika.